Ndoo Nyekundu za Mzee Kornel

Jumatatu, 8 Julai 1996

Baridi kali. Upepo wa Julai unavua watu kofia. Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Cheti cha kisomo cha watu wazima kipo ukutani, anayebisha aje akisome. Kama naye anajua kusoma.

Leo amekuja Bwana Zephania wa zimamoto. Kijana, suruali imenyooka kama rula. Akaniamkia vizuri, shikamoo mzee wangu. Nikaitika marahaba, nikadhani anataka chumba. Kumbe anataka kukagua jengo! Akaingia gesti yangu, akawa anachungulia kila pembe kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Niandike jengo lilivyo, wajukuu wajue nilichojenga. Ukiingia mlango wa mbele, kulia ni mashine yangu ya kusaga. Kushoto ni Scola, mpangaji wangu, fundi cherehani. Katikati korido ndefu, vyumba vya wageni huku na huku. Mwisho wa korido ni mlango wa nyuma. Huo mlango wa nyuma nimeuziba kwa magunia ya ulezi tangu mwaka jana. Sababu ninayo. Ukiufungua unatokea uani kwa Kalisti, mwenye mgahawa. Wageni walale kwangu halafu wakale chapati kwa Kalisti? Uji wa mke wangu Fransiska anywe nani?

Bwana Zephania akasema mlango wa nyuma ufunguke. Akasema ziwepo ndoo za mchanga, nyekundu, koridoni. Uwepo mtungi wa kuzimia moto. Kiwepo kibao cha kuonyesha njia ya kutokea. Na Scola asipige pasi ya mkaa pale mlangoni, akapigie nje. Nikamuuliza kwani nyumba hii ni yake? Akasema si yake, ndiyo maana anakuja kwangu. Mwenye jengo la biashara ndiye mwenye mzigo, si mpangaji, si mgeni. Wakiungua watu humu, atakayeulizwa ni mimi.

Nikamwambia kijana, si mmetangaza soko huria? Huria maana yake nini? Akasema hata moto ni huria, mzee wangu, unakwenda unakotaka.

Kijana ana mdomo.

Kisha akatoa lake. Nisipotimiza anapiga kufuli. Kufuli! Na Jumapili ya tarehe 21 kuna upadrisho parokiani. Watu wanatoka Mpui, wanatoka Laela, wanapanda hadi kutoka Kirando na dagaa zao. Vyumba vyangu vyote vimeshashikwa. Nikifungiwa, watalala wapi? Kwa Kalisti. Ameongeza vyumba juzijuzi, vinanuka rangi.

Hajui anaongea na nani. Babu yangu alikuwa myeyusha chuma. Tanuri lake la udongo bado limesimama kule upande wa Mpui, refu kuliko nyumba. Ukoo wetu umekaa na moto kabla ya zimamoto kuzaliwa. Moto unatujua kwa majina.


Jumanne, 9 Julai

Ndoo nimenunua, rangi nyekundu nimepaka mwenyewe. Zinapendeza. Nimempita Kalisti nazo mikononi, taratibu, mara mbili.

Mchanga ndio tatizo. Mchanga mzuri uko mtoni, na mwenye mkokoteni anajifanya ana punda wa dhahabu. Nikakaa nikafikiri. Nikatazama mashine yangu. Pumba za mahindi zimejaa pale chini mpaka magotini, hazina kazi. Rangi yake na ya mchanga, ukikaza macho kidogo, ni ndugu.

Basi! Ndoo zote pumba mpaka karibu na mdomo. Juu nikatandaza mchanga kidogo, ule uliobaki tulipojenga choo. Nani atachimbua ndoo? Zimamoto si kuku.

Fransiska akaniangalia. Akasema baba Angela, siku moja akili hizi zitatuua. Nikamwambia akili haijaua mtu.


Jumatano, 10 Julai

Mlango wa nyuma. Siwezi kutoa magunia, huko ni kumpelekea Kalisti wateja kwa mkono wangu. Lakini Bwana Zephania asiyaone. Nimechukua pazia kubwa la maua nikalitundika mbele ya magunia, kutoka juu hadi chini. Limependeza kama madhabahu. Ni marufuku mtu kulifunua, nimewatangazia wote, hata Fransiska.

Scola nimemwambia akapigie pasi nje. Akaenda, akarudi. Akasema babu, upepo unapuliza majivu kwenye nguo, na hizi ni sare za kwaya ya upadrisho, nyeupe tupu. Likiingia doa moja wanakwaya watanichoma mimi badala ya mshumaa. Akasema kama sare hazijaisha Jumamosi, ndiyo mwisho wa jina lake mjini hapa.

Nikamhurumia. Nikamruhusu arudi mlangoni. Akimwona kijana anakuja, abebe pasi akimbie. Ni mwepesi, Scola.


Alhamisi, 11 Julai

Mtungi wa kuzimia moto haupatikani mjini hapa. Mpaka Mbeya. Siendi Mbeya kwa ajili ya chupa.

Lakini mimi ninacho zaidi ya mtungi! Kwenye sanduku langu kuna mrija wa udongo wa tanuri la babu, umeungua mpaka umekuwa kama jiwe. Babu alifanya kazi nao miaka yote na hakuungua hata ukucha. Nimeutundika koridoni kwa waya, pale mtungi ungekaa. Kinga kamili. Nimekaa chini yake, nimejisikia salama.

Akapita Sayi. Huyu ni Msukuma wa ng'ombe, amehamia huku upande wa Laela na mifugo yake, yuko chumba cha mwisho anasubiri mnada. Mtani wangu, kwa hiyo mdomo wake hauna mlango. Akauliza ni nini hicho. Nikamweleza. Akauliza tena, ule mrija ulikuwa unafanya nini kwenye tanuri? Nikasema ulikuwa unapitisha upepo. Upepo wa nini? Nikasema wa kuwasha moto.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mtani, sasa umeupa moto pua ya kupumulia! Wafipa bwana!

Msukuma atajua nini kuhusu chuma. Hata shule hakuona ubao. Akitaka kuweka sahihi anachovya kidole.


Ijumaa, 12 Julai

Mambo mawili ya ajabu.

La kwanza, kuku wa Kalisti. Wanaingia kwangu mlango wa mbele, wanapanda juu ya ndoo nyekundu, wanachakura. Nikiwafukuza wanarudi na ndugu zao. Kalisti alikuja kuwachukua. Akasema Kornel ndugu yangu, mchanga wako una nini? Nikamwambia ni mchanga bora, kuku wanaogea. Akanitazama. Kisha akatoboa kinachomfurahisha. Akasema yeye ameshapata mtungi, mwekundu, wa kweli, shemeji yake amemletea kwa basi. Ameutundika ukutani karibu na birika la chai. Akasema karibu uje uutazame.

Siendi kutazama mtungi wa mtu.

La pili, Sayi. Asubuhi sikumwona apite mbele, na mimi nilikaa mlangoni tangu alfajiri. Lakini saa ya uji akatokea chumbani, midomo inang'aa mafuta, ananukia chapati. Uji wa Fransiska akasema ameshiba. Ameshiba nini? Nahisi ana samli ya ng'ombe ameificha chumbani.

Na kitanda chetu kimeinuka. Nikikaa, miguu haifiki chini vizuri. Fransiska anasema ni uzee, magoti yanapungua.


Jumatatu, 15 Julai

Ushindi!

Bwana Zephania amekuja. Scola alikimbia na pasi vizuri sana. Kijana akatazama ndoo. Akagusa kwa kidole, akasema mchanga mkavu, vizuri mzee wangu. Kuku mmoja wa Kalisti alikuwa amelala juu ya ndoo ya pili, ametaga. Bwana Zephania akacheka. Nami nikacheka, nikatoa yai, nikampa. Akakataa. Mkali.

Akafika kwenye pazia. Nikafumba macho. Nikasikia pazia limefunuliwa, srrr! Nikangoja kelele. Nikasikia kitasa kimelia, kisha akasema safi kabisa, hivi ndivyo inavyotakiwa, mzee wangu. Nikafumbua macho. Pazia limeshafungwa, kijana anafuta vumbi mikononi.

Ni mrija wa babu. Umemfunika macho. Hayakuonekana magunia! Nimemwambia Fransiska, akageuka kuangalia dirishani, mabega yakawa yanatikisika. Anafurahi kimyakimya, ndivyo alivyo.

Kijana kaacha mambo mawili tu. Mtungi wa kweli, kwa sababu mrija hakuuelewa, akaushika akaurudisha. Na kibao cha njia ya kutokea. Atarudi Ijumaa, na Ijumaa ndiyo mwisho.

Kalisti alikuwa anachungulia. Nikamwinulia kofia.


Jumanne, 16 Julai

Leo kibao. Nimeandika mwenyewe kwa rangi nyekundu iliyobaki. Herufi kubwa kama fremu ya dirisha. MLANGO WA DHARURA. Na mshale. Mjini hapa wangapi wanaweza?

Sasa, nikitundike wapi? Nikikitundika kwenye mlango wa nyuma, kila mgeni anayejua kusoma atasema alaa, kumbe hapa kuna mlango, atafunua pazia, ataona magunia, ataanza kuuliza, na akiyasukuma ataona mgahawa. Hapana. Nimekitundika kwenye mlango wa stoo ya majembe na mafagio, hapa katikati ya korido. Serikali inataka kibao. Kibao kipo. Haikusema kikisomwa mtu afike wapi.

Fransiska akasema baba Angela, mtu akikimbilia humo? Nikamwambia nani atakimbia? Moto wenyewe uko wapi?

Mtungi nitauazima kwa Kalisti Ijumaa asubuhi. Sitamwomba. Nitamwambia nataka kulinganisha rangi.


Jumatano, 17 Julai

Naandikia mezani kwa Kalisti. Sili chake. Nimekunywa chai tu. Na chapati, kwa sababu ya mshtuko.

Kulitokea moto mdogo. Naandika mambo yalivyo, kwa maana mji mzima unayapotosha.

Asubuhi, upepo ule ule. Scola anapiga pasi mlangoni, sare za mwisho za kwaya. Upepo ukaingia, pasi ikatema cheche, zikaangukia vipande vya nguo chini. Vikashika. Scola hakupiga kelele, msichana ana moyo. Alikimbilia ndoo nyekundu, akamwaga. Mchanga ukatoka kidogo, ukaisha. Pumba zikafuata. Moto ukasema puu! Ukasimama wima kama mtu aliyeitwa jina. Scola akashangaa, akachukua ndoo ya pili. Puu kubwa zaidi! Silingibodi ikashika. Mlango wa mbele ukawa haupitiki, moshi ukaanza kuingia koridoni kama wageni wa harusi.

Wageni wakatoka vyumbani wanakohoa. Mimi nilikuwa koridoni, chini ya mrija. Sikuogopa. Ila moshi ulikuwa mzito, macho yanatoka machozi, sioni mbele sioni nyuma. Nikapapasa ukuta. Nikaona maandishi mekundu. Nikasoma. Mimi nasoma! MLANGO WA DHARURA. Nikafungua, nikaingia, nikafunga nyuma yangu, moshi usinifuate.

Giza. Kitu kikanipiga kisogoni. Mpini wa jembe. Nikaweka mguu mbele, ndani ya ndoo ya kudekia. Nikasukuma ukuta, ukuta ukakataa. Nikasukuma wa pili. Hapo nikakumbuka hii ni stoo. Nikataka kutoka, kitasa kikabaki mkononi.

Naandika wazi kwamba niliingia stoo kukagua kama vifaa vimesalimika.

Huko nje nikawa nasikia sauti ya Fransiska. Anaita baba Angela! Kwanza kwa kawaida. Kisha kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Nikajibu, lakini moshi uliniziba koo. Nikagonga kwa jembe. Nikafikiri, kama nikifa humu watasema Kornel amefia kwenye mafagio.

Mlango ukang'oka. Sayi! Amefunika kichwa kwa blanketi lililolowa maji ya kunyweshea ng'ombe. Akanibeba begani kama ndama. Nikamwambia kule nyuma hakupitiki, kuna magunia yangu! Akapiga pazia teke. Nyuma ya pazia hakuna gunia. Hata punje. Mlango uko wazi, bawaba zimepakwa mafuta hazilii, na nje kuna njia iliyokanyagwa mpaka inang'aa, inaenda moja kwa moja mgahawani kwa Kalisti.

Wageni wote walikuwa wameshatoka kwa huo mlango. Wote! Wanasimama uani, wamejitanda mashuka, wazima. Wanajua njia kama ng'ombe wanavyojua kisima.

Kalisti akapita mbele yangu mbio na mtungi wake, akaingia kwa mlango ule ule. Nikasikia fssss. Akatoka mweupe kichwa hadi miguu. Moto umekufa. Kumbe ndani ya mtungi kuna unga. Unga! Mimi mwenye mashine ya kusaga, nimezimiwa moto kwa unga wa Kalisti!

Fransiska alikaa chini, akanishika mkono. Kisha akasema magunia yako chini ya kitanda chetu. Yeye na Sayi waliyahamisha siku ile ile nilipotundika pazia, kwa sababu pazia liliwasitiri. Akasema siwezi kulala nyumba moja na watu ninaowapikia uji, nikijua hawana pa kutokea.

Sayi akasema mtani, bahati yangu mimi sijui kusoma. Ningesoma, ningekukuta humo humo.

Uani wote wakacheka. Hata Scola, ambaye macho yalikuwa mekundu. Sare aliziokoa, alizirusha nje kupitia dirisha la mbele. Moja tu imeungua kola.


Alhamisi, 18 Julai

Bwana Zephania hakungoja Ijumaa. Amekuja leo. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alichukua ndoo iliyobaki, akaimwaga chini mbele ya watu. Mchanga kiganja kimoja. Pumba mlima. Kuku wa Kalisti wakaja mbio.

Akauliza mzee wangu, hizi ni za kuzima moto au za kufugia? Nikamwambia kosa ni la ndoo, ingebaki bila kumwagwa pasingekuwa na puu. Akasema alipofunua pazia Jumatatu, akaona mlango safi, alirudi nyumbani akamsimulia mkewe kuna mzee mmoja mwelewa sana mjini.

Ilinigusa. Nikamwambia amwambie mkewe hajakosea.

Amepiga kufuli. Litatoka pale tu ndoo zitakapokuwa na mchanga wa kweli mpaka chini, kibao kikihamia mlango wa kweli, mtungi ukiwepo, pasi ikihamia nje kwenye kibanda cha kukinga upepo. Akasema Mama Angela ndiye aliyekuokoa na gereza, mzee wangu, umshukuru. Fransiska akainama, kwa adabu, lakini nilimwona anavyocheka.


Jumapili, 21 Julai

Upadrisho. Kwaya wamependeza, weupe tupu. Yule wa kola iliyoungua wamemweka nyuma ya kinanda. Scola aliimba kuliko kwaya.

Wageni wa Mpui, wa Laela na wa Kirando, wote kwa Kalisti. Hata mimi na Fransiska tunalala kwa Kalisti, chumba kinachonuka rangi. Amekataa kunitoza. Huo ni ubaya mkubwa. Kila asubuhi ananiuliza umelalaje Kornel ndugu yangu, na inabidi nijibu nimelala vizuri.

Kitanda chake ni kifupi. Miguu inafika chini.

Na kila anayepita anapunguza mwendo akiniona. Wananiita Mzee Dharura. Nimeitika, kwa sababu wanaamkia kwanza.


Jumatatu, 29 Julai

Kufuli limetoka! Bwana Zephania alikagua kwa kuzamisha fimbo kwenye ndoo mpaka chini. Fimbo yote. Mchanga, mchanga, mchanga. Mtungi upo, mwekundu kuliko wa Kalisti, nimeulinganisha. Kibao kipo mlango wa nyuma. Scola ana kibanda chake. Kijana akanipa mkono, akasema sasa mzee wangu jengo lako ni mfano. Nikamwambia lilikuwa mfano tangu mwanzo. Amesema atarudi mwakani.

Mwakani.

Jioni nimekaa koridoni chini ya mrija wa babu. Nimeurudisha, kwa maana ukipima vizuri ndio uliotuokoa. Jengo zima limepata moshi, wenyewe haukupata hata ufa. Nimeangalia ndoo. Ule mchanga, Mungu wangu, ni mchanga mzuri! Wa mtoni, mweupe, hauna udongo. Punda mzima amechoka kwa ajili yake. Na umekaa tu ndani ya ndoo, unangoja moto ambao umeshapita.

Nimemwita fundi aje kimya kimya. Amesema unatosha kujengea ukuta mmoja. Nimemwonyesha ninapoutaka, uani, kati yangu na Kalisti, kutoka kona hii hadi ile. Mlango wa nyuma utafunguka kama serikali inavyotaka. Utafunguka vizuri kabisa. Ukutane na ukuta.

Ndoo haziwezi kukaa tupu, Fransiska ataona. Nimeshalifikiria hilo. Nitajaza pumba. Si za mahindi tena, zile ni nyepesi, ndizo zilizoleta balaa lote. Safari hii za ulezi.